Sura ya Kumi na Moja: Taa ya Nne

"Haifunguliwi," alisema mwalimu Airi Vaarala, akaweka mkono juu ya mfuko wa plastiki kama mtu anayemzuia paka asifikie maziwa.

Inspekta Tuovi Kerkelä aliutazama ule mfuko. Ndani yake kulikuwa na kamera, ndani ya kamera kulikuwa na kadi, na ndani ya kadi, kama Mungu alikuwa upande wa polisi siku hiyo, kulikuwa na picha ya gari jeupe lenye namba za Norwe, nchi jirani. Alikuwa ameendesha kilomita sitini kwenye barabara ya theluji kwa ajili ya kadi hiyo.

"Mwalimu, ni dakika moja tu. Natoa kadi, naondoka."

"Kamera ilikuwa nje tangu asubuhi, imeingia ndani sasa hivi. Nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, humu jikoni ni ishirini na mbili juu. Ukifungua mfuko, hii hewa ya kahawa na mkate inakwenda kugeuka maji ndani ya lenzi, na lenzi nyingine sina. Tofauti ni nyuzi ngapi?"

"Mwalimu..."

"Nimeuliza ngapi, Tuovi."

"Arobaini na tisa."

"Basi utangoja saa nzima. Vua koti, mwanangu. Kahawa ipo."

Mwalimu Airi alikuwa amemfundisha Tuovi hesabu kwa miaka mitatu, zamani, na tangu hapo hakuwahi kukubali kwamba masomo yalikwisha. Tuovi akavua koti. Ilikuwa saa tisa alasiri, tarehe ishirini na nane Desemba, na dirishani kulikuwa na usiku mtupu. Weupe kidogo uliokuja saa sita mchana ulikuwa umeshaondoka zake, kama ilivyo desturi ya Siikavaara, huku kaskazini ya mbali, katika mwezi ule ambao jua halichomozi kabisa.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Taisto Lampela, fundi wa mashine za msituni, umri miaka hamsini na minne, hakuonekana tena tangu tarehe ishirini na saba Oktoba. Kaka yake Urho, aliyekuwa akiishi naye katika nyumba ya wazazi wao kando ya ziwa Kuoskeri, alieleza kwamba Taisto alichukua begi lake la mgongoni, akaomba lifti ya lori, akaenda Norwe kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Begi halikuwapo, viatu havikuwapo, simu ilikuwa imezimwa. Watu wengi wa Siikavaara huenda Norwe, na baadhi yao hawaagi vizuri.

Aliyekataa kuamini alikuwa Henna, binti wa Taisto, muuguzi katika mji wa Oulu, mbali kusini. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi alimpigia Tuovi simu. Hakulia wala hakulaumu. Aliuliza swali moja tu: baba yuko wapi? Na kila Jumatatu Tuovi alimjibu kwamba bado hajui. Sasa mkuu wa kituo alikuwa ametoa mpaka tarehe thelathini na moja. Mtu mzima ana haki ya kwenda anakotaka, alisema, na mwaka mpya usianze na jalada lililokwisha kulala. Baada ya hapo Henna angebaki na swali lake peke yake.

Ndipo jana yake mke wa mwoka mikate akapiga simu. Mkesha wa Krismasi, alisema, aliona gari jeupe la Norwe kwenye lango la makaburi. Tuovi alihesabu haraka. Kama Taisto alikuwa amerudi kuwawashia wazazi wake mishumaa kaburini, kama kila mtu wa Siikavaara afanyavyo mkesha huo, basi Taisto alikuwa hai, na Jumatatu ijayo kungekuwa na jibu. Hakuwa mtu wa kutumaini ovyo, lakini hili alilitumaini.

"Usiku ule ulikaa makaburini muda gani?" aliuliza, akichukua keki ya umbo la nyota yenye jemu ya plamu.

"Kuanzia saa kumi kamili jioni hadi saa kumi na moja na nusu. Kamera juu ya ukuta wa mawe, imekazwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Kila baada ya sekunde thelathini picha moja, na kila picha inachukua hizohizo sekunde thelathini, kamera imefumbua jicho tu. Ni jaribio. Mwaka jana nilijaribu sekunde tano, mishumaa ikatoka lakini nyota hazikutoka. Mwaka juzi nilijaribu dakika kumi kwa mpigo, nyota zikatoka, mishumaa ikawa uji."

"Na baridi?"

"Baridi ndiyo somo lenyewe. Lenzi naivisha soksi ya sufu yenye kifuko cha joto ndani, isiote barafu. Betri zinakufa kila dakika arobaini, kwa hiyo nyingine zinangoja kwapani. Moja kila kwapa."

"Na ule mwanga wa kaskazini unaocheza angani hupigi picha?"

"Ule ni wa watalii. Ule hata ukitupa kamera hewani utaupata." Mwalimu Airi akamjazia kikombe. "Mimi napiga mishumaa mia nane ya watu ninaowajua. Nusu yao niliwafundisha. Wengine bado nasahihisha madaftari yao ndotoni."

Saa ilipotimia, mwalimu alifungua mfuko polepole, akaikagua lenzi kwa tochi, akatoa kadi na kuitia kwenye kompyuta. Picha zikaanza kupita. Ukuta, theluji, safu kwa safu za taa ndogo za manjano, na juu yake nyota. Tuovi alishangaa kidogo. Alijua kwamba jioni ile uwanja ulikuwa umejaa watu, naye mwenyewe alikuwamo, lakini pichani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na taa tu zinazoongezeka moja baada ya nyingine, kana kwamba zinajiwasha.

"Watu wako wapi?"

"Wanatembea. Anayetembea hatoki. Kamera inamwona kidogo hapa, kidogo pale, mwisho haimwoni kabisa. Atakayetoka ni aliyetulia."

Gari walilipata kwenye picha ya themanini, yaani saa kumi na dakika arobaini. Lilikuwa limesimama langoni, jeupe kweli, na namba zake zilisomeka. Tuovi aliziandika, akampigia Konstebo Kaarlo aliyekuwa akingoja ndani ya gari la polisi. Kaarlo alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu na hakuwa na haraka na jambo lolote, lakini simu alikuwa anajua kuzipiga. Baada ya robo saa akarudisha jibu.

"La fundi umeme wa Alta, huko Norwe," alisema. "Ameoa hapa. Kamletea mama mkwe samaki, chewa mbichi, wakapita kumwashia mshumaa marehemu baba mkwe. Nimeongea na mama mkwe mwenyewe. Anauliza kama chewa ni kosa."

"Garini alikuwa na nani?"

"Mke, watoto wawili na chewa."

Tuovi alikata simu. Tumaini lilimtoka, akaona aibu kwamba lilikuwa kubwa kiasi kile. Alianza kutafuta glavu zake.

"Kwani ulimtaka wa gari tu?" aliuliza mwalimu Airi. "Mimi nilidhani umekuja kwa ajili ya yule aliyeniharibia kazi."

"Yupi?"

"Nina uwanja safi, halafu mtu anakuja kupiga goti katikati ya picha yangu. Tazama. Mia moja ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne. Dakika mbili hakutikisika. Hata mwanafunzi akisubiri adhabu hatulii hivyo."

Kwenye picha ya mia moja ishirini palikuwa na ule msalaba mkubwa wa mbao ulio karibu na lango, na chini yake mishumaa mingi. Kwenye iliyofuata paliongezeka kivuli cha mtu aliyepiga goti, na mbele yake taa moja kubwa kuliko nyingine. Kando ya kivuli ilisimama sleji, kile kiti cha kutelezea thelujini kinachosukumwa kwa mguu, yenye kreti ya maziwa imefungwa mbele.

Msalaba ule uliitwa Msalaba wa Waliolala Kwingine. Mwenye kaburi la mtu wake hapahapa huwasha kaburini. Mwenye mtu aliyezikwa mbali, au aliyemezwa na maji, au asiyejulikana alikoangukia, huwasha pale. Tuovi mwenyewe aliwasha hapo mkesha ule, kwa ajili ya mama yake aliyezikwa katika mji wa mbali uitwao Pori. Alijitafuta pichani. Kati ya picha ya arobaini na ya arobaini na moja mshumaa wake ulitokea. Yeye hakutokea.

"Ulikuwa na haraka," alisema mwalimu Airi, aliyeliona jicho lake lilikokwenda.

"Nilikuwa kazini."

"Ndiyo hayo ninayosema."

Tuovi aliinamia kompyuta. Akarudi kwenye picha ya mia moja ishirini na moja.

"Saa kumi na moja kamili hii. Watu wote wako kanisani."

"Kasoro mimi na huyu."

"Hiyo sleji unaijua?"

"Ya kreti? Ya Urho Lampela. Nani mwingine anafungia kreti kwa waya wa umeme? Nilimfundisha fundo miaka arobaini iliyopita, akakataa kujifunza."

Tuovi akakaa tena. Alimwomba mwalimu arudi nyuma, picha moja moja, bila kuruka. Kwenye mia moja na nne hadi mia moja na saba kivuli kilekile kilikuwa safu ya tatu, mahali pa wazee Lampela. Taa mbili. Kwenye mia moja kumi na tatu kilikuwa mbele ya jiwe la mashujaa wa vita. Taa moja. Kisha msalabani. Taa ya nne.

"Mwalimu, katika ukoo wa Lampela nani amezikwa mbali?"

Mwalimu Airi alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Kwa mara ya kwanza tangu Tuovi amfahamu, alichelewa kutoa jawabu.

"Sijui," alisema. "Hao ni watu wasioondoka hapa."

* * *

Makaburini mishumaa ilikuwa imekwisha, lakini taa zenyewe zilikuwapo. Baridi ya namna ile haiyeyushi kitu. Karibu kila nyumba hapo hutengeneza taa za barafu: unajaza ndoo maji, unaiacha nje mpaka kuta zigande, unamwaga maji ya katikati, unaweka mshumaa. Taa hutoka na umbo la ndoo iliyoizaa, na ndoo ya mtu ni kama mwandiko wake.

Tuovi na Kaarlo walipita na tochi. Kaburini kwa wazee Lampela taa mbili zilikuwa na kibonyeo upande mmoja, kipana kama kiganja, kilichotoka kwenye ndoo iliyowahi kukanyagwa au kugongwa. Kaarlo aliweka rula, Tuovi akapiga picha. Jiwe la mashujaa, kibonyeo kilekile. Msalabani taa zilikuwa nyingi, zingine ndogo, zingine zimepambwa kwa matunda mekundu ya msituni yaliyogandishwa ndani. Ya saba kutoka kushoto ilikuwa na kibonyeo.

"Inaweza kuwa ya rafiki yake," alisema Kaarlo. "Wa jeshini, labda."

"Inaweza. Piga simu ofisi ya kanisa kabla hawajafunga. Waambie nataka kila Lampela aliyeandikwa kwenye kitabu cha vifo kwa miaka mia, na mahali alipozikwa."

"Miaka mia?"

"Si wengi. Mwalimu anasema ni watu wasioondoka hapa."

Karani wa kanisa alihitaji dakika ishirini. Walikuwa kumi na tisa. Kumi na wanane walikuwa hapohapo, ndani ya ukuta ule wa mawe. Wa kumi na tisa alikuwa Aarne, kaka wa baba yao, aliyeuawa vitani na mwili haukurudi, na jina lake lilichongwa kwenye jiwe la mashujaa. Aarne alikuwa na taa yake tayari.

Kaarlo alilisoma daftari lake mara mbili, kisha akalifunga. "Twende," alisema. Hakuwa na kawaida ya kuharakisha mtu.

* * *

Urho Lampela aliwafungulia akiwa na uma mkononi. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na minane, anayezungumza kama anayetoa maneno stoo. Mezani kulikuwa na mchuzi wa nyama ya paa wa kaskazini na mkate mweusi. Aliusogeza mchuzi pembeni, akapanga vikombe vitatu bila kuuliza. Tuovi aliipokea kahawa, maana kuikataa katika nyumba ile kungekuwa kutangaza vita kabla ya wakati wake.

"Bwana Urho, Konstebo Kaarlo ataandika tutakayosema. Ukipenda kunyamaza, sheria inakuruhusu."

"Mimi hunyamaza hata bila sheria."

"Najua. Mkesha wa Krismasi ulikwenda makaburini."

"Nani hakwenda, afande?"

"Ulipeleka taa ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nimezihesabu. Nne." Tuovi aliweka simu yake mezani, na picha ya mia moja na nne ikawa wazi. "Mbili za wazazi."

Urho alitazama. "Hiyo nani kapiga?"

"Mwalimu Airi."

"Yule mama haendi kanisani?"

"Alikuwa na kazi. Ya tatu ya baba mkubwa Aarne."

"Ndiyo."

"Na hii hapa?" Akasogeza hadi mia moja ishirini na moja. "Hii ya nani?"

Urho alikoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari. Kaarlo alingoja na kalamu. Tuovi alikuwa amewahi kuwahoji waongo wengi, na alijua kwamba mwongo hodari hana haja ya kufikiri. Huyu alikuwa anafikiri, na hilo lilimtia huzuni zaidi kuliko ushindi.

"Ya shangazi Elli," alisema mwishowe. "Alifia Rovaniemi."

"Alifia Rovaniemi, ndiyo. Akaletwa kwa gari moshi, akazikwa hapa mwaka wa themanini na tatu, safu ya sita. Nimetoka hapo sasa hivi. Theluji imelifunika jiwe lake hadi juu. Hana hata mshumaa mmoja."

Uso wa Urho ulibadilika kidogo. Ilikuwa aibu, na ilikuwa ya kweli. "Nilimsahau," alisema.

"Basi ya nne ni ya nani?"

"Ya wote. Ya yeyote asiye na mtu."

"Watu huwasha mshumaa kwa ajili ya yeyote, Bwana Urho. Wanauweka, wanaondoka. Wewe ulipiga goti dakika mbili, katika baridi ile, watu wakiwa ndani ya kanisa. Kwa baba na mama yako ulipiga goti dakika mbili hivyohivyo. Kwa Aarne hukupiga."

"Aarne sikumjua."

"Ndiyo. Na huyu ulimjua."

Jiko la kuni lilipasua gogo. Hakuna aliyegeuka.

"Ukinitajia jina jingine," alisema Tuovi, "nitakwenda kulitafuta, na kesho nitarudi kunywa kahawa tena. Lakini sikiliza jambo moja. Nilimuuliza Henna kama atamwashia baba yake. Akaniambia aliye hai hawashiwi. Mkesha mzima alikaa Oulu bila kuwasha hata mmoja, akiogopa asije akamuua baba yake kwa kiberiti. Nyumba nzima gizani. Wewe ndugu wa baba yake ulikuwa na uhakika gani, mpaka ukawasha?"

Urho aliweka kijiko chini. Alikiweka taratibu sana, sambamba na ukingo wa meza.

"Nilitengeneza tatu," alisema. "Nilizipanga zote tatu kwenye kreti, nikafika mpaka barabarani. Nikarudi nikatengeneza ya nne. Nikangoja masaa matano igande. Sikuweza, afande. Mkesha wa Krismasi kila mtu ana taa. Hata Aarne."

"Taisto yuko wapi?"

"Ziwani."

Kaarlo aliandika neno hilo moja. Tuovi alingoja mpaka kalamu ikatulia.

"Aliingiaje?"

"Barafu ya kwanza. Alikwenda kutazama nyavu."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Ufuoni. Aliniuliza kama inabeba. Nikamwambia inabeba."

"Ulijuaje?"

Urho alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Niliipima asubuhi."

"Ilikuwa na unene gani?"

"Vidole viwili."

Pale ziwani hata mtoto anajua hesabu hiyo. Vidole vinne hubeba mtu. Viwili havibebi hata mbwa.

"Kwa nini?"

"Alikuwa anauza ufuo. Kwa watu wa hoteli. Barua ilikuja Jumanne, na sahihi yake ilikuwa imeshawekwa. Waje wajenge vibanda vya vioo, watu wa mbali walale wakitazama juu." Alisogeza kikombe pembeni. "Sikupanga afe. Nilisema inabeba. Lilitoka tu mdomoni, halafu nikaliacha lisimame."

"Alipozama alikuita?"

"Mara mbili."

"Na kamba ya kuokolea?"

"Ilikuwa ukutani, pale nyuma yako. Nilikuja kuichukua. Nilipoishika, alikuwa ameshanyamaza." Alitazama mikono yake. "Begi na viatu nilivichoma kwenye jiko la sauna. Norwe niliitunga siku ya pili."

Hasira ilimpanda Tuovi, kwa sababu ya ile kamba iliyokuwa imening'inia nyuma yake wakati wote anakunywa kahawa ya mtu huyu. Aliisubiri ishuke. Kisha akamwambia Urho Lampela kwamba yuko chini ya ulinzi, kwa maneno yaleyale yanayotakiwa, bila kuongeza wala kupunguza, naye Kaarlo akaandika saa.

"Unaweza kutuonyesha mahali?"

"Naweza."

* * *

Walikwenda watatu, Urho mbele, Kaarlo na pingu nyuma yake, Tuovi na taa ya kichwani. Barafu sasa ilikuwa na unene wa kubeba lori, na juu yake theluji iliwafika magotini. Urho hakutazama nyota, hakutazama ufuo, hakuhesabu hatua. Alitembea kama mtu anayekwenda kisimani kwake, akasimama.

"Hapa."

Hapakuwa na haja ya kusema. Katikati ya weupe ule wote kulikuwa na mraba mweusi, upana wa mlango wa nyumba, umefagiliwa theluji yote mpaka barafu ikabaki tupu na ng'avu. Kingo zake zilikuwa zimenyooshwa kwa koleo. Kando palikuwa na njia nyembamba ya sleji, imekanyagwa mara nyingi, inayotoka nyumbani.

Kaarlo alivua kofia, kisha baridi ikamlazimisha kuivaa tena.

"Unafagia kila lini?" aliuliza Tuovi.

"Kila ikinyesha."

"Kwa nini?"

Urho alisukuma kwa kiatu theluji iliyobaki ukingoni. "Taisto hakuwa analala gizani," alisema. "Tangu utotoni. Ilibidi mlango uachwe wazi kidogo. Theluji ikifunika, kule chini ni giza tupu, afande. Mwanga kidogo ule wa mchana hauingii."

Tuovi alichukua vipimo. Ilikuwa lazima mtu achukue vipimo. Alipiga picha upande wa kaskazini na wa kusini, akaweka bendera nne za plastiki kwenye pembe nne, akawapigia simu wazamiaji wa Rovaniemi, wakasema watafika na misumeno ya barafu saa tatu asubuhi. Kaarlo akaanza kumrudisha Urho ufuoni. Urho aligeuka mara moja kutazama nyuma, akavutwa, akaenda.

Alipobaki peke yake, Tuovi alimpigia Henna. Haikuwa Jumatatu. Kabla hajajitambulisha vizuri, alisikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Henna, nimempata baba yako. Amefariki. Alifariki tarehe ishirini na saba Oktoba. Yuko ziwani, mbele ya nyumba yenu. Mengine nitakueleza uso kwa uso, kesho, nitakuja mwenyewe."

Tuovi alisimama pembeni ya ule mraba, hakusogea. Alitaka kusema pole, akaona ni neno dogo, akalisema hata hivyo.

"Uko wapi sasa hivi?" aliuliza Henna.

"Hapa. Juu yake."

"Maji hapo yana kina gani?"

"Urho anasema mita nne."

Henna aliirudia namba hiyo.

"Mita nne," alisema. "Nilimtafuta Norwe nzima. Nimepiga simu viwanda sitini na viwili." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala: "Usiondoke kwanza. Unaweza kukaa naye kidogo?"

"Naweza," alisema Tuovi, akazima taa ya kichwani ili nyota zimulike ile barafu tupu, akapiga goti.